Hadithi moja, vinywa kumi na viwili

Mtu akishindwa kutegua kitendawili hana budi kutoa mji. Hiyo ndiyo sheria tangu zamani, na kila aliyelelewa kwa Kiswahili anaijua. Mtu hukuna kichwa, hujaribu jibu la kwanza, la pili na la tatu, kisha husalimu amri. Hapo mtegaji huwa mkali kama karani wa kodi: "Nipe mji!" Akipewa kijiji kisichojulikana hukikataa na kudai mji mkubwa zaidi. Akipewa Mombasa au Unguja, husafiri papo hapo bila tikiti wala nauli. Alikwenda Mombasa, akapokewa kwa vigelegele, akala biriani mpaka akasaza, wenyeji wakamshika kanzu asiondoke. Akishajivuna vya kutosha ndipo hulitoa jibu, na wote hupiga makelele kwa kuwa lilikuwa rahisi kuliko walivyodhani.

Wengi wetu tuliucheza mchezo huo utotoni, tukauacha pamoja na nguo zilizotubana. Lakini hebu utazame vizuri, msomaji. Mmoja ametoa mji, mwingine ametoa safari, waliobaki wameguna, wamecheka na kuongeza chumvi. Kisa kifupi kimezaliwa hapo, na hakuna hata mmoja awezaye kusema, "Hiki ni changu."

Nimeukumbuka mchezo huo kwa sababu katika mtaa wa Shauri Moyo, hapa Nairobi, nimekuwa nikikaa na watu walioukuza ukawa mchezo mpana, wa wazee na watoto pamoja. Hutunga hadithi kwa zamu, kila mtu kipande chake, bila kujua itaishia wapi. Niliyoyasikia huko yamenifanya niamini kwamba ufundi mkubwa wa hadithi hauko katika kusema. Uko katika kupokea.

MTAA WENYE MAJINA YA VISA

Asiyeijua Shauri Moyo na afike siku ya kazi asubuhi. Upande mmoja atasikia nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji zikigonga mabati. Upande mwingine ni Gikomba na milima yake ya mitumba. Hapo karibu ni soko la Burma, maarufu kwa nyama, lenye jina la nchi ya mbali ambako askari wetu wa KAR walipelekwa kupigana na Wajapani mwaka 1944. Ukienda mbele kidogo utafika Kariokor, jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambalo lilipita katika vinywa vya watu mpaka likageuka Kiswahili. Katika pande hizi hata jina la kituo cha basi ni hadithi iliyotungwa na wengi.

Shauri Moyo yenyewe ilijengwa miaka ya mwisho ya 1930, wakati kijiji cha kale cha Pangani kilipovunjwa na wenyeji wake Waafrika wakahamishwa. Kule Pangani watu walikuwa na nyumba walizojijengea wenyewe. Huku walikoletwa, nyumba zilikuwa za baraza la mji. Basi mtaa huu ulianza na watu waliobeba vyombo vyao kichwani, na jambo hilo halijasahauliwa hata na wajukuu.

Jina nalo ni maneno mawili tu, shauri na moyo, lakini muulize mwenyeji kwa nini mtaa uliitwa hivyo, kisha umwulize jirani yake, nawe utarudi nyumbani na majibu mawili. Hilo ndilo lililokuwa zoezi la kwanza nililoshiriki. Tuliambiwa tutunge pamoja kisa cha jina la mtaa. Tulianza na mchumba aliyekataliwa, tukapita kwa askari aliyesahau amri, tukaishia kwa mbuzi. Hakikuwa kisa cha kuandikwa gazetini, lakini tulilala tukicheka.

MWIKO NA MIIKO YAKE

Kundi hili halina jina, halina mwenyekiti, wala halichangishi pesa. Watu hukutana Jumamosi jioni katikati ya nyumba mbili, penye viti vichache, mikebe iliyopinduliwa, na jiwe moja linalogombewa kwa sababu hubaki na joto la jua hata baada ya magharibi. Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa watu kumi na wawili. Alikuwapo mama anayekaanga mandazi, fundi wa cherehani wa Gikomba, kijana wa jua kali mwenye makovu ya cheche mikononi, mzee aliyestaafu kazi ya reli, wanafunzi watatu, mama mmoja mgeni aliyekuja kumtembelea dada yake, na wengine ambao huja na kuondoka.

Chombo cha kazi ni mwiko wa kusongea ugali. Anayeushika ndiye msemaji; wengine wote ni waitikiaji. Na kwa kuwa Kiswahili kina neno hilo hilo kwa jambo lililokatazwa, wao husema kwamba mwiko wao mmoja una miiko minne.

Mwiko wa kwanza ni kukataa ulichopewa. Aliyekutangulia akisema mfalme alikuwa na mkia, basi mfalme ana mkia, na shida ya kumtafutia suruali ni yako. Lazima uanze kwa kuitikia "Naam", kisha uendelee. Neno hilo dogo ndilo nguzo ya mchezo. Mtu akisema "Hapana, haikuwa hivyo", mwiko huchukuliwa mikononi mwake bila mjadala.

Wa pili ni kumwua mtu wa mwenzako bila kumwomba ruhusa. Aliyemleta mhusika katika hadithi ndiye mlezi wake. Unaweza kumtia njaa, kumpoteza njia au kumwoza mke mwenye maneno mengi, lakini roho yake huombwa. Vivyo hivyo kitu chochote chenye thamani: aliyekileta huombwa kabla hakijatupwa wala kuvunjwa.

Wa tatu ni kumpa mwizi kabila. Hapa hakuna mzaha. Shauri Moyo na jirani zake Pumwani, Kaloleni na Ziwani ni mitaa ya watu wa kila pembe ya Kenya, na walioishi Nairobi miezi ile baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hawahitaji kuelezwa jinsi neno moja la kijinga linavyoweza kuwasha moto. Mwizi wa hadithi ana jina, ana njaa, ana mama aliyemzaa, kabila hana.

Wa nne ni aliyeanza kumaliza. Ukianzisha hadithi, mwisho wake haukuhusu. Utausikia kama wengine.

Na aliyekwama afanyeje? Hutoa mji! Ndiyo, sheria ile ile ya kitendawili. Husema, "Natoa Kisumu", na anayepokea mwiko hana budi kuipeleka hadithi Kisumu, au kuileta Kisumu Shauri Moyo. Nimeona hadithi zilizokuwa zikikata roho zikafufuka kwa dawa hiyo.

KOTI LA GIKOMBA

Jumamosi hiyo mwiko ulianzia kwangu. Nikasema palikuwa na msukuma mkokoteni aliyechoka kunyeshewa, akaenda Gikomba akanunua koti kuukuu. Alipotia mkono mfukoni akakuta ufunguo. Mwandishi ni mtu aliyezoea kujua mwisho wa jambo lake, na mimi kimoyomoyo nilikwisha kuamua kwamba ufunguo ule ni wa sanduku la fedha katika benki. Nikaupitisha mwiko.

"Naam," akasema mama wa mandazi, "na ufunguo wenyewe ulikuwa wa chuma, mrefu kama kidole, wenye kutu. Si wa makufuli haya ya siku hizi." Benki yangu ikafungwa hapo hapo.

Mvulana mmoja akapokea. Alisema kila msukuma mkokoteni alipoelekea upande fulani ufunguo ulipata joto, na alipogeuka ukawa baridi. Kijana wa jua kali akamtembeza: Kamukunji baridi, Burma baridi, mtoni baridi kabisa, lakini alipoelekea Pangani ufunguo ulimchoma mkono. Ikawa zamu ya fundi wa cherehani. Akafikiri, akajikuna, akakwama. "Natoa London!" akasema, nasi tukaangua kicheko. Joto liko Pangani, mji ni London! Nani ataziunganisha?

Mwiko ukamfikia mzee wa reli, ambaye Jumamosi zote nilizofika alikuwa msikilizaji tu, akiupokea mwiko na kuupitisha kama sahani ya chakula asichokula. Mara hii alibaki nao.

"Naam," akasema. "Ufunguo ni wa nyumba ya Pangani. Ilivunjwa kabla sijazaliwa. Mwenye nyumba alitoka asubuhi na vitu vyake, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Alijua mlango wenyewe utabomolewa mchana huo huo, lakini aliufunga. Alikuwa mwanamke wa heshima. Hakuzoea kuondoka na kuacha mlango wazi."

Hakuna aliyecheka. "Kabla sijazaliwa," mzee alisema, na msukuma mkokoteni wa hadithi hakuwa na umri wa kusema hivyo. Kila mmoja wetu aliyasikia maneno hayo, na hakuna aliyemwuliza kitu. Katika mchezo huu mtu haulizwi kama analosema ni kweli. Huitikiwa, basi.

Aliyeokoa safari ya London ni yule mama mgeni. "Naam," akasema, "na baadaye akaja Bwana Shauri." Wazee wanalijua jina hilo; ndilo watu walilowaita maofisa wa wilaya wakati wa ukoloni. Bwana Shauri huyo alizikusanya funguo zote za Pangani katika kikapu, akaahidi kwamba kila mtu atarudishiwa wake siku nyumba mpya zitakapokwisha. Hakurudisha. Alipostaafu alirudi kwao London, na ufunguo mmoja ukabaki mfukoni mwa koti lake la mvua. Miaka ikapita, akafa, mjukuu wake akalitoa koti kwa maskini. Maskini wa kule wakalikataa. Likafungwa na mengine, likapanda meli hadi Mombasa, likapanda lori hadi Gikomba, likauzwa kwa msukuma mkokoteni aliyechoka kunyeshewa.

Nakwambia kweli, msomaji, katika miaka yangu ya kushika kalamu sijapata kutunga kiungo kizuri kama hicho. Koti lilikuwa langu, kutu ya mama wa mandazi, joto la mvulana, Pangani ya kijana wa jua kali, London ya fundi, na leso ya mzee. Hakuna aliyepanga, na vyote vimeingiana kama meno ya zipu.

MSUKUMA MKOKOTENI AFANYE NINI?

Likabaki swali la mwisho: ufunguo usio na mlango unafaa nini? Hapo baraza likagawanyika, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tukizungumza jambo jingine. Tangu Serikali ilipotangaza mpango wake wa nyumba za bei nafuu mwaka 2017, Shauri Moyo ni miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizotajwa kujengwa upya. Wapo wanaozitamani nyumba hizo mpya. Wapo wanaouliza watapelekwa wapi kwanza, na nani atahakikisha wanarudi. Katika mkutano wa siasa mtu huulizwa yuko upande gani, na akijibu hupigiwa makofi au huzomewa. Hapa palikuwa na msukuma mkokoteni tu, na kila mmoja aliweza kusema yaliyo moyoni kwa kumwelekeza yeye.

Mama wa mandazi alitaka ufunguo utupwe mto Nairobi. Kukumbuka mlango usiokuwapo, alisema, ni kujichosha. Kijana wa jua kali alitaka uyeyushwe, utoke angalau mguu wa jiko, watu wapikie. Fundi wa cherehani alitaka upelekwe kwa wakili. Kila mmoja alianza kwa "Naam", lakini zilikuwa "Naam" zenye meno.

Mwiko ukafika kwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Hakusema neno la hadithi. Alimgeukia mzee. "Babu," akasema, "naomba ufunguo wako."

Mzee akakaa kimya kidogo. "Chukua, mjukuu wangu. Nimekwisha kuuweka hapo katikati. Si wangu peke yangu tena."

Msichana akaendelea. Msukuma mkokoteni alikwenda kwa fundi wa Kamukunji akachongesha funguo kumi na mbili mfano wa ule wa zamani, akampa kila aliyekuwapo barazani. Haukuwa ufunguo wa kufungulia. Lakini popote utakapohamia, ukimwonyesha jirani yako mpya, sharti akuulize, "Kwanza ulikuwa ukikaa wapi?" Na akishauliza hana ruhusa ya kufunga mlango wake mpaka umalize kumsimulia.

Ndivyo hadithi ilivyokwisha. Mzee alijifuta macho kwa kiganja, akalaumu moshi wa jiko la mandazi, nasi tukakubali kwamba moshi ulikuwa mwingi.

SI MCHEZO WA KUDHARAULIWA

Atakayesema huu ni mchezo wa wasio na kazi na akumbuke mambo ya Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho walishiriki kuutengeneza mchezo wa kuigiza wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waliusikiliza, wakausahihisha, wakaongeza yao. Mwaka huo huo riwaya ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, ilitoka na haikuguswa. Lakini mchezo wa wanakijiji ulinyang'anywa ruhusa Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini, alikokaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa. Ngũgĩ alifariki mwaka 2025, na mkasa huo ungali ukitufundisha: kitabu cha mtu mmoja huvumiliwa pale ambapo hadithi ya kijiji kizima huogopwa.

Wala ufundi huu haukuletwa na meli. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo wasichana walilala wakitegeana vitendawili na kusimuliana ngano. Wakikuyu walikuwa na gĩcandĩ, mashindano ya mafumbo ya wanenaji wawili, kibuyu kilichochorwa alama kikiwa mkononi. Watu wa pwani wana mji wao wa kutoa. Mtoto wa Shauri Moyo amerithi vyote hivyo kwa mpigo, hata kama hajui jina la kimoja.

Wenzetu wa ng'ambo nao wamegundua utamu huo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, kila mmoja akawa shujaa fulani, mmoja akawa kiongozi, na pamoja wakaitunga safari ya hatari. Penye shaka hurushwa dadu zenye pande nyingi. Mchezo huo umeenea duniani, na watu wazima hununua vitabu vya sheria zake kwa fedha nyingi. Mimi sina ugomvi nao. Natambua tu tofauti moja: kwao mwamuzi ni dadu, na dadu haina haya. Kwetu mwamuzi ni jirani, ambaye kesho utakutana naye bombani.

KWA WANAOTAKA KUJARIBU

Kama umevutiwa, yafuatayo yatakusaidia. Msiwe chini ya watano, wala msizidi kumi na watano. Wakipungua hadithi hukonda, wakizidi mwiko huchelewa na watoto husinzia. Anzeni na kitu kinachoshikika: koti, sufuria, barua, kiatu kimoja. Ukianza na "haki" au "upendo" mtapata hotuba. Kila mtu aseme kwa muda wa kumenya chungwa, basi. Simu zikae mfukoni. Watoto wapewe mwiko sawa na watu wazima, kwa maana wao hawaogopi kumpa mfalme mkia. Na akiwapo mzee anayepitisha mwiko bila kusema, msimsukume. Mwacheni apokee na kupitisha mara mia. Siku yake itafika.

Zaidi ya yote, jifunzeni kuitikia. Tumejaa wasemaji katika nchi hii: redioni, majukwaani, ndani ya matatu. Anayesikiliza neno la mwenzake mpaka mwisho, akalishika jinsi lilivyo na kulisogeza mbele hatua moja, huyo ni adimu, na huyo ndiye anayejenga hadithi, nyumba na nchi.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Moyo ni wa mtu mmoja, lakini shauri hutafutwa kwa wengi, na mtaa ule umeyabeba maneno yote mawili kwa jina lake miaka yote hii. Basi Jumamosi ijayo, ugali ukishaliwa, usikimbilie kuosha mwiko na kuutundika. Mpe aliye karibu nawe, kisha nyamaza usikie.